Itifaki ya kampuni au kiwango cha wazi: nichague kipi kwa mtandao wangu wa mtaani?

*Swali: Ninaendesha mtandao mdogo wa intaneti isiyo na waya kutoka paa la jengo la ghorofa saba hapa Kayole, Nairobi. Nilianza na wateja 40 na mambo yakaenda vizuri. Sasa nina 110, wengine hapahapa Kayole, wengine Njiru, Mihang'o na Ruai, wa mbali kabisa akiwa kilomita 6 hivi. Mlingotini nina sekta tatu (redio zenye antena, kila moja ikihudumia upande wake) za kampuni ya MikroTik zinazotumia Wi-Fi ya kawaida, kwa sababu baadhi ya wateja wana redio za zamani za Ubiquiti zilizonunuliwa mitumba na nilitaka zote ziweze kuunganishwa. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne mtandao unakwama, na ping, yaani muda wa ujumbe mfupi kwenda na kurudi, inaruka kutoka milisekunde 10 hadi 400. Muuzaji mmoja mjini ananishauri nihamie vifaa vyenye itifaki ya kampuni, yaani lugha ya redio inayomilikiwa na mtengenezaji mmoja, anasema ni vya kasi zaidi na salama zaidi. Mshirika wangu anakataa: anasema tukifanya hivyo tumejifunga kwa mtengenezaji mmoja, na siku akiacha kutengeneza tumekwisha. Nani kati yao ana haki?*

Ndugu msomaji,

Swali lako lina mambo mawili yaliyoshikana, na nadhani ndiyo maana wewe na mshirika wako hamsikilizani. La kwanza ni la ufundi: kwa nini mtandao uliowabeba watu 40 bila shida unaelemewa na watu 110? La pili ni la biashara: je, inafaa kumtegemea mtengenezaji mmoja ili kupata utulivu huo? Nitasema msimamo wangu mapema. Katika safari ya hewani kati ya mlingoti wako na paa la mteja, muuzaji ana haki zaidi, ingawa sababu alizokupa si sahihi. Katika kila kitu kilicho nyuma ya mlingoti, mshirika wako ana haki kabisa. Hata hivyo, kabla ya kutoa shilingi yoyote kuna kipimo kimoja unachopaswa kukifanya, maana inawezekana tatizo lako halihusiani na itifaki hata kidogo.

Kipimo chenyewe ni hiki. Usiku saa tatu, mtandao ukiwa umekwama, ingia katika ruta iliyo mlingotini, kisha upime ping mbili kwa wakati mmoja: moja kuelekea mtoa huduma anayekuuzia intaneti kwa jumla, na nyingine kuelekea redio za wateja watano au sita walio katika sekta tofauti, wa karibu na wa mbali. Ping ya kwenda juu ikiruka hadi 400 huku ping za wateja zikibaki tulivu, basi laini unayonunua imejaa, na hata ukibadilisha redio zote kesho, wateja watalalamika vilevile. Dawa hapo ni kununua uwezo zaidi au kupanga foleni za kugawa kasi katika ruta. Ping ya juu ikiwa tulivu na za wateja zikiruka, shida iko hewani, na maelezo yanayofuata yanakuhusu. Zikiruka zote mbili, anza na laini ya juu, kisha urudie kipimo. Nawaomba watoa huduma wadogo wafanye kipimo hiki kabla ya kingine chochote, kwa sababu redio mpya ni gharama kubwa na haifai kulipia kosa la laini.

Sasa tuseme shida iko hewani. Wi-Fi, ambayo kitaalamu huitwa IEEE 802.11, ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1997 kwa ajili ya kompyuta zilizo karibukaribu ndani ya ofisi au nyumba. Kanuni yake ya kugawana hewa haina mgawaji. Kila redio husikiliza kwanza; ikikuta kimya hungoja muda mfupi wa kubahatisha, kisha hutuma; ikijibiwa kwamba pakiti imefika huendelea, na isipojibiwa hungoja muda mrefu zaidi na kurudia. Kanuni hiyo inafanya kazi vizuri pale ambapo redio zote zinasikiana. Kwenye mtandao wako hazisikiani. Chukua mteja wa Njiru na mteja wa Ruai walio chini ya sekta moja. Kila mmoja ameelekeza dishi lake Kayole, na dishi limeundwa kukusanya mawimbi ya mbele na kuyapuuza ya pembeni na ya nyuma. Hali yao ni ya wajumbe wa kikao walioketi katika vyumba tofauti huku mwenyekiti peke yake akiwasikia wote: kila mjumbe anakuta kimya, kila mjumbe anaanza kusema, na mwenyekiti anapokea sauti mbili zilizogongana zisizoeleweka. Wateja wakiwa 40 na wengi wakiwa kimya muda mwingi, migongano ni michache na marudio hayaonekani. Wakiwa 110, na karibu wote wakitazama video saa tatu usiku, kila mgongano huzaa marudio, marudio huzaa migongano mingine, na ping inapanda hadi hizo milisekunde 400 unazoziona.

Umbali unaongeza tatizo. Mawimbi ya redio husafiri mita 300 kwa kila mikrosekunde. Wi-Fi ya gigahezi 5 hupima muda wake wa kungoja kwa vipande vya mikrosekunde 9, na katika hesabu hiyo safari ya hewani ilikadiriwa kuwa fupi sana, ya ndani ya jengo. Kilomita 6 ni mikrosekunde 20 za kwenda na nyingine 20 za kurudi. Kwa hiyo redio ya Ruai inaweza kuanza kutuma, na mlingoti wako ukaendelea kudhani kuna kimya kwa zaidi ya vipande viwili vizima. Vilevile, mlingoti usipoambiwa kwamba mteja yuko mbali, utachoka kungoja jibu lake na kurudia pakiti iliyokwisha kufika salama. Ndiyo maana redio za nje zina mpangilio wa umbali, na ndiyo maana ningependa uhakikishe kwamba mpangilio huo katika sekta zako haukubaki ule wa matumizi ya ndani ya nyumba. Kiwango chenyewe kina dawa ya redio zisizosikiana, ambayo ni kumtaka mteja aombe ruhusa kabla ya kutuma, kwa zile jumbe fupi za RTS na CTS. Inasaidia, na unaweza kuiwasha leo bila gharama, lakini maombi yenyewe hula muda wa hewa na yenyewe pia hugongana, kwa hiyo ikiwa wateja ni wengi usitarajie makubwa.

Itifaki za kampuni zilizaliwa kutokana na upungufu huo hasa. MikroTik ina Nstreme na baadaye Nv2, Ubiquiti ina airMAX na LTU, Cambium ina ePMP na ile familia ya PMP iliyotokana na Canopy ya Motorola. Zinatofautiana kwa mengi, lakini msingi wao ni mmoja: mlingoti unagawa zamu. Mteja hasikilizi wala habahatishi. Anatuma pale tu anapopewa kipande chake cha muda, na mlingoti unajua umbali wa kila mmoja na kulipanga hilo katika hesabu ya zamu. Katika nyingi kati ya itifaki hizi mfumo huo huitwa kwa kifupi TDMA. Kwa kuwa hakuna wateja wawili wa sekta moja wanaotuma pamoja, migongano kati yao inakwisha, na sekta iliyokuwa ikisimama usiku huendelea kupunguza kasi kwa utaratibu na kwa haki bila kuanguka.

Ni muhimu uelewe hapo faida iko wapi, kwa sababu muuzaji wako alikuambia itifaki ya kampuni ni “ya kasi zaidi.” Chipu ya redio mara nyingi ni ileile ya Wi-Fi, na kasi ya juu kabisa ya mawimbi haibadiliki kwa sababu ya itifaki. Redio ya 802.11n (kizazi kimoja cha Wi-Fi) yenye mikondo miwili kwenye chaneli ya megahezi 20 ina kikomo cha megabiti 144 kwa sekunde kwa njia zote mbili zikijumlishwa, na kazi halisi inayopatikana ni kama nusu yake, hata kama boksi limeandikwa 300. Kinachobadilika ni kiasi cha muda wa hewa kinachopotea watu wakiwa wengi. Ukimpima mteja mmoja peke yake saa kumi ya alfajiri, huenda Wi-Fi ya kawaida ikashinda, na ping ya mfumo wa zamu ikaonekana kubwa kidogo kwa sababu ni lazima mteja angoje zamu yake hata kama hakuna mwingine anayetuma. Tofauti inaonekana usiku, sekta ikiwa imejaa, na huo ndio wakati ambao wateja wako wanakupimia.

Muuzaji alisema pia “salama zaidi.” Hilo nalikataa. Kutokujulikana kwa itifaki si ulinzi. Usalama wa kiungo hutokana na usimbaji fiche na ufunguo mzuri, na Wi-Fi ya kawaida yenye ulinzi wa WPA2 inatumia AES, njia imara ya kuficha data, kama zinavyotumia itifaki hizi. Kwa upande wako kuna hatari ya kinyume: Nv2 haitumii mipangilio ya usalama ya Wi-Fi uliyokwisha kuiweka, ina ufunguo wake unaowekwa mahali pake. Ukibadilisha itifaki ukasahau kuweka ufunguo huo, mtandao utawaka, wateja watafurahi, na data yao itapita hewani bila kufichwa.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni kelele. Zamu huondoa migongano kati ya wateja wako. Haziondoi kelele za majirani. MikroTik wenyewe wanaeleza kwamba Nv2, kwa kuwa haisikilizi kabla ya kutuma, inaweza kusumbua mtandao mwingine ulio kwenye chaneli hiyohiyo, na mitandao mingine nayo inaweza kuisumbua, kwa sababu kila ishara isiyo yake inahesabiwa kuwa kelele. Ukisimama juu ya paa lolote la Eastlands ukahesabu madishi na sekta zinazoonekana, utaelewa uzito wa maneno hayo. Kabla ya kubadilisha chochote, chunguza masafa ukiwa mlingotini, usiku, siku kadhaa. Ikiwa unatumia chaneli za megahezi 40, zipunguze hadi 20: kila unapopunguza upana kwa nusu, kelele inayoingia hupungua kwa desibeli 3, na katika mazingira yetu chaneli nyembamba iliyo safi hubeba zaidi ya chaneli pana iliyochafuka. Wateja wote wawe na nguvu ya ishara ya kati ya dBm -50 na -65 hivi (namba ikikaribia sifuri, ishara ni kali zaidi). Mteja mmoja mwenye -80 hutuma polepole sana, na muda anaoutumia unatoka kwa wenzake wote wa sekta hiyo, chini ya itifaki yoyote ile.

Sasa nije kwa hofu ya mshirika wako, ambayo naiheshimu. Ni kweli kwamba redio ya Ubiquiti haiwezi kuzungumza Nv2, na ya MikroTik haiwezi kuzungumza airMAX. Hata ndani ya kampuni moja hakuna dhamana: LTU ya Ubiquiti imejengwa juu ya chipu yake maalumu na haiunganishwi na redio za airMAX za kampuni hiyohiyo. Kilicho karibu nawe zaidi ni kwamba Nv2 na Nstreme zinafanya kazi katika programu ya zamani ya redio za MikroTik, zile zenye chipu za Atheros, lakini programu mpya ya Wi-Fi iliyokuja na toleo la 7 la RouterOS, programu endeshi ya MikroTik, kwa vifaa vya kizazi kipya haina Nv2 wala Nstreme. Ukinunua redio mpya ya MikroTik kwa kudhani kwamba itaongea Nv2 kwa kuwa tu ni MikroTik, unaweza kupata hasara. Uliza kuhusu modeli husika kabla ya kulipa.

Pamoja na hayo, mshirika wako anachanganya mambo mawili. Anafikiri kiwango cha wazi kinalinda maisha ya vifaa. Historia haisemi hivyo. WiMAX, yaani IEEE 802.16, ilikuwa kiwango cha wazi, kilichoandikwa mahususi kwa mitandao ya nje, chenye zamu na kila kitu, na makampuni makubwa yalikiunga mkono. Makampuni ya simu yalipoichagua LTE, yaani 4G, watengenezaji wakaondoka mmoja mmoja. Sprint ya Marekani ilizima mtandao wake wa WiMAX mwaka 2016, na waliobaki na vifaa hivyo walibaki navyo. Kwa upande mwingine Canopy, ambayo tangu mwanzo ilikuwa mali ya kampuni moja, iliendelea kuishi hata baada ya Motorola kuiachia Cambium mwaka 2011. Kinachoamua kifaa kitatengenezwa kwa muda gani ni wingi wa wanunuzi wake na faida ya mtengenezaji. Uwazi wa kiwango unakupa kitu kingine, chenye thamani kubwa: unakupa nafasi ya kupata mtengenezaji wa pili. Huo uwe ndio msingi wa hesabu zenu.

Nafasi hiyo ni halisi pale tu ambapo vifaa vya watengenezaji wawili vinafanya kazi pamoja kwa kiwango unachokihitaji, na katika sekta za nje zenye wateja wengi Wi-Fi ya kawaida haijakupa hilo, umeona mwenyewe. Kiwango kinakua, bila shaka. 802.11ax, kizazi kinachoitwa pia Wi-Fi 6, kilichoidhinishwa mwaka 2021, kimeipa redio kuu uwezo wa kuwagawia wateja zamu za kutuma. Ni hatua ninayoifurahia, lakini bado milingoti miwili iliyo jirani inasikilizana na kupishana kama zamani, na vifaa vyake vingi vimetengenezwa kwa ajili ya nyumba. LTE na 5G ni viwango vya wazi vyenye zamu nzuri sana, ila kwa kawaida zinahitaji masafa ya leseni na mitambo ya kati ambayo mtandao wa wateja 110 hauwezi kuigharimia. Wapo pia waliojaribu kujenga daraja kati ya kampuni na kampuni: Cambium walikuwa na mpango wa Elevate, ambao uliweka programu yao ya ePMP ndani ya redio za mteja za watengenezaji wengine, na Ubiquiti wakawashtaki Marekani mwaka 2018. Kwa hiyo usijenge biashara yako juu ya tumaini kwamba utavuka kirahisi siku moja.

Pia mtofautishe kiwango cha wazi na programu huria. Kuna redio zinazoweza kuwekewa OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta na redio, na mitandao ya jamii duniani imefanya kazi kubwa kwa njia hiyo. Lakini OpenWrt kwenye redio hiyohiyo bado itazungumza Wi-Fi ya kawaida hewani, na wateja wako wa Njiru na Ruai wataendelea kugongana vilevile.

Ushauri wangu basi ni kuikubali itifaki ya kampuni katika kiungo kimoja tu, kile cha hewani kati ya mlingoti na mteja, na kuizuia isivuke hapo. Wateja watambuliwe kwa PPPoE au DHCP (njia za kumwingiza mteja mtandaoni na kumpa anwani), hesabu zao zikae kwenye seva ya RADIUS inayohakiki wateja, sekta zitenganishwe kwa VLAN (mitandao tofauti ndani ya kebo moja), vifaa vyote vifuatiliwe kwa SNMP (itifaki ya kusoma hali ya vifaa), na malipo ya M-Pesa yaunganishwe na mfumo wako, yasiunganishwe na akaunti ya wingu ya mtengenezaji wa redio. Haya yote ni ya wazi na yanafanya kazi kwa vifaa vya yeyote. Redio ya mteja iwe daraja tu: ipitishe pakiti, isishike jina la mteja wala nenosiri lake la malipo. Ukifanya hivyo, siku utakapomhama mtengenezaji utakuwa unabadilisha redio juu ya mapaa, kazi ngumu lakini inayohesabika, na wateja, bei, vocha na kumbukumbu zako zitabaki mahali pake. Ukiruhusu mfumo wa kampuni ushike pia orodha ya wateja na bili, hapo ndipo maneno ya mshirika wako yatakapotimia. Nimeona watoa huduma walioshindwa kuhama kwa sababu ya mfumo wa bili, ilhali redio zenyewe zingebadilishwa kwa wiki chache.

Kwa upande wa hatua za kuchukua, huna haja ya kununua sekta mpya kwanza. Tayari unazo redio zenye Nv2, ukishahakikisha kwamba modeli zako ni za kizazi kinachoikubali. Anza na sekta moja, ile yenye malalamiko mengi. Upande wa wateja wa MikroTik weka itifaki kuwa nv2-nstreme-802.11, ambayo humwambia mteja atafute zote kwa mpangilio huo. Ataendelea kuunganishwa na Wi-Fi ya kawaida kama zamani, na siku mlingoti utakapogeuka naye atageuka mwenyewe bila mtu kupanda paa. Weka ufunguo wa Nv2 kwa wateja wote, hakiki mara mbili, kisha ndipo ugeuze sekta, usiku wa manane wa siku ya kazi. Acha njia ya kurudi: ukirudisha sekta kwenye 802.11, wateja watairudia. Kipindi cha zamu kilichowekwa tangu mwanzo ni milisekunde 2. Ukikirefusha unapata uwezo zaidi na ping kubwa zaidi, ukikifupisha ni kinyume chake. Kiache kwanza, upime wiki nzima, ndipo ukiguse.

Wenye redio za Ubiquiti watabaki nje, na hapo pana gharama isiyokwepeka. Wahesabu. Wakiwa wachache, weka redio ndogo ya pili mlingotini yenye Wi-Fi ya kawaida, kwenye chaneli iliyo mbali na zile za sekta, iwahudumie hao huku ukibadilisha redio zao kidogokidogo. Wakiwa nusu ya wateja wako, hesabu inabadilika, na pengine ni nafuu kuchagua mtengenezaji mmoja upya na kuhamia kwake sekta kwa sekta. Ukifikia hapo, uliza pia kuhusu kuoanisha muda kwa GPS, ambako sekta zote hutuma pamoja na kupokea pamoja, ili sekta moja isiizibe nyingine masikio kwenye mlingoti uleule. Kwa sekta tatu katika mji wenye chaneli chache safi, hiyo ni faida kubwa.

Wale wateja walio katika jengo lako na majengo mawili matatu ya jirani, waondoe hewani kabisa. Wavutie kebo au faiba, kwa ruhusa ya wenye majengo. Kila mteja wa karibu unayemtoa kwenye sekta anamwachia muda wake yule wa Ruai ambaye hana njia nyingine.

Kuwa mwangalifu na umeme utakapochanganya vifaa. Redio nyingi za aina hii hutumia volti 24 zinazopelekwa moja kwa moja kwenye nyaya za kebo ya mtandao, chanya katika nyaya za 4 na 5 na hasi katika 7 na 8, bila kuuliza kifaa kama kinazitaka. Kiwango cha wazi cha kupeleka umeme kwenye kebo ya mtandao, 802.3af, huuliza kwanza ndipo kitume, na volti zake ni karibu 48. Baadhi ya redio za familia ya Canopy hugeuza chanya na hasi. Adapta iliyochomekwa pasipo pake inaweza kuunguza redio au mlango wa swichi, kwa hiyo andika kibandiko juu ya kila adapta na kila kebo, hasa kama fundi anayepanda si wewe.

Kuna mahali ambapo maandishi haya hayatoshi na unahitaji mtu wa kuja kuona. Ukipima usiku ukakuta kelele kila chaneli, mwite mhandisi wa redio mwenye kifaa cha kuchunguza masafa, maana kinachohitajika huenda ni kuhamisha mlingoti, kubadilisha antena au kuongeza kituo kidogo Ruai. Kama mlingoti wako unayumba au haujaunganishwa na ardhi vizuri, usipandishe redio nyingine juu yake kabla fundi wa majengo na fundi wa umeme hawajaukagua, kwa sababu chini yake wanaishi watu. Na kama leseni yako kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya haijakaa sawa, au huna hakika kwamba modeli unayotaka kununua imeidhinishwa nchini, nenda ukaulize kwao kabla ya kuagiza. Weka nchi kuwa Kenya katika kila redio na ufuate kikomo cha nguvu kilichowekwa. Mtu anayezidisha nguvu ili kuwashinda majirani huwalazimu nao wazidishe, na masafa haya ya bure tunayatumia sote.

Ukienda kwa muuzaji, nenda na mshirika wako, na mwulizeni mambo matatu kwa maandishi: modeli hii inazungumza itifaki gani na je inaweza kurudishwa kwenye 802.11, programu mpya za usalama zitatolewa hadi lini, na atakubali kuwaazima sekta moja na redio tano za wateja kwa wiki mbili, mzipime saa tatu usiku, kabla hamjalipa.